Nta ya Babu Marindany

Mzinga ulirudi nyumbani kwa ndege, umelazwa ndani ya sanduku la baridi kama samaki wa bei kali. Wazee waliokwenda kuupokea hawakujua washangilie au walie, basi wakafanya yote mawili kwa zamu.

Ulikuwa gogo la mwerezi lililopasuliwa na kuchongwa ndani, jeusi kwa moshi wa mienge iliyozimika kabla baba zao hawajazaliwa. Afisa mmoja wa Kiingereza aliushusha mtini akaupeleka kwao. Kule ukakaa kwenye kabati la kioo karne nzima na ushee, chini yake kibao: "Chombo cha Wandorobo." Ndilo jina Waogiek, warina asali wa msituni, walilobandikwa. Maana yake mtu asiye na ng'ombe, na mtu asiye na ng'ombe ni maskini, na maskini hawezi kuwa na msitu. Hesabu ya wazungu ilikuwa fupi hivyo. Msitu wa Mau ukaandikwa kuwa hauna mwenyewe. Mierezi ikaangushwa, ikapasuliwa, ikawa penseli, na kwa penseli zile zile wakaendelea kuandika kwamba msitu hauna mwenyewe.

Aliyeupokea mzinga na kutia sahihi alikuwa Tapkigen, kwa sababu mbili. Ya kwanza, mwenye mzinga, Marindany, alikuwa babu wa babu yake. Ya pili, katika nchi nzima mafundi wa Sikio, ile mashine ya kutoa sauti kwenye nta, walikuwa wachache, na yeye alikuwa mmoja wao.

Aliutua katika banda la zamani la kununulia majani ya chai, mpakani mwa Shamba la Thurlby, mahali ambapo Baraza la kuamua kesi ya ardhi lingekaa kesho yake. Jua la alasiri lilipenya kwenye matundu ya mabati. Nje wanawake walikuwa wakicheka wakipepeta wimbi la pombe ya asali. Ndani alikuwepo yeye, mashine yake, na baba yake mdogo, Sigilai, aliyekuwa akitafuna hindi la kuchoma juu ya mzinga wenyewe.

"Baba mdogo, sogea. Unamwangushia babu masizi."

"Babu ameishi kwenye moshi. Masizi ya hindi yatamfanya nini?" Lakini alisogea.

Sigilai alikuwa mzee mkavu mwenye sauti ya tarumbeta. Hakusomea sheria popote. Alifundishwa na kufukuzwa. Alifukuzwa msituni akiwa mtoto wa mgongoni, akafukuzwa tena akiwa na ndevu, mara kwa jina la mbao, mara kwa jina la kuhifadhi mazingira. Kila alipofukuzwa alitafuta sheria iliyotumika, akaisoma mpaka ikachakaa. Siku hizi mawakili walimwogopa kuliko walivyoogopana wenyewe.

"Nieleze tena hiki kidude chako," alisema. "Polepole, kama unamweleza hakimu."

Tapkigen alifungua mzinga. Masega yalikuwa yananing'inia bado, yamekauka, rangi ya chai ya rangi. "Nyuki akijenga, nta hutoka laini. Chochote kinachotetema karibu, radi, shoka, mtu anayezungumza, huitikisa kabla haijaganda. Ikiganda, mtikiso umebaki humo, mikunjo midogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Sikio linapitisha taa nyembamba juu ya mikunjo na kuigeuza iwe sauti."

"Na kwa nini tusilisikilize sega lote leo, tukalale tunajua?"

"Taa ina moto. Ikipita, nta inalainika na sauti inaondoka. Kila sega lina nyuso mbili, na zote zilitikisika pamoja. Uso mmoja naruhusiwa kujaribia, tena kona tu. Wa pili ni wa Baraza."

"Kwa hiyo wizi wao ndio uliotutunzia," alisema Sigilai, akitazama lile gogo. "Ungebaki mtini ungeoza. Mwizi akituibia akatuwekea kwenye friji! Nimshukuru au nimtukane?"

"Mtukane kesho. Leo nyamaza nifanye kazi."

Aliiwasha taa. Mwanzo ulikuja mngurumo, nyuki wenyewe, waliokufa zamani, bado wanachapa kazi. Kisha mtu akakohoa. Kisha akacheka, cheko la chini la mtu aliyeshiba.

Hindi lilisimama mbele ya mdomo wa Sigilai.

"Kikohozi cha baba," alinong'ona. "Tapkigen, hicho ni kikohozi cha baba yangu kabisa. Nilidhani ni tumbaku. Kumbe ni ukoo!"

Tapkigen naye alikuwa na machozi na kicheko kwa pamoja. Sauti ikasema, kwa Kiogiek cha kale lakini wazi kama maji ya mtoni:

"Ning'iniza wako hapa. Mgongo huu nimekufungulia, kutoka mtoni hadi kwenye mianzi. Wewe na watoto wako."

Taa ikafika mwisho wa kona, ikazimika.

Nje wanawake walikuwa wakiendelea kucheka. Sigilai aliliweka hindi chini taratibu.

"Mzee wangu," alimwambia mzinga, "si ungekohoa tu ukanyamaza?"

Wote wawili walijua Marindany alikuwa na maana gani. Kila Mwogiek angejua. Kila mgongo wa msitu, yaani kilima kirefu, una ukoo wake, kutoka chini mtoni hadi juu baridini, kwa kuwa maua hupanda mlima msimu kwa msimu na nyuki huyafuata. Mgeni akitaka kuning'iniza mzinga wake kwenye mgongo wa watu, huja akauliza, na mwenyewe humfungulia. Asali ya kwanza ya kila msimu humletea mwenye mgongo. Asali isipofika, mwenye mgongo anajua moyo wa mgeni umehama. Basi huushusha mzinga wa mgeni bila ugomvi, akampa na sega moja la njiani, yakaisha. Tangu dunia iumbwe hakuna aliyefunguliwa mgongo akadhani amepewa. Kumfungulia mtu mlango si kumpa nyumba.

Lakini Sheria ya Kurejesha haikuwa na msamiati huo. Ilisema ardhi iliyochukuliwa irudi kwa wenyewe, isipokuwa aliyeishika aonyeshe kwamba mwenyewe aliitoa kwa kinywa chake. Alitoa au hakutoa. Katikati hakuna kitu. Miaka yote akina Thurlby walidai mgongo huo, wa Kaptirich, ulikuwa mtupu walipoukuta, na dai hilo lilishachoka, hata watoto walilicheka. Kesho wangesikia mwenye mgongo akimwambia mgeni wa siku zile, aliyejulikana kuwa Thurlby wa kwanza: wewe na watoto wako.

"Sikio lako halina jaribio lingine?" aliuliza Sigilai. "Kwa mfano, ukaliacha sega hilo karibu na jiko la wale mama kwa bahati mbaya?"

"Baba mdogo."

"Nauliza tu. Wao walichoma nyumba zetu, hawakusema hata bahati mbaya."

*

Baraza la Ardhi za Watu wa Asili lilikuwa la kuzunguka, na majaji wake walitoka kwa watu ambao wenyewe walipita njia hiyo hiyo. Aliyeletwa Kaptirich alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Australia, mweusi tii, mwenye mvi zilizofungwa kwa kitambaa chekundu. Jina lake Jaji Noeline. Kwao nako wazungu walifika pwani, wakawakuta watu wamesimama wanawatazama, wakaandika kwamba bara lote halina mwenyewe. Bara zima! Sigilai alipolisikia hilo mara ya kwanza alikuwa amefurahi kwa namna ya ajabu, kama mgonjwa aliyekutana na mwenye ugonjwa wake.

Asubuhi ile banda lilijaa. Waogiek walikaa upande wa mlango. Wachumaji wa chai walisimama nyuma na vikapu vyao, wengine Wakisii, wengine Wakipsigis, wengine hata hawakumbuki tena. Mbele kushoto aliketi Mama Imogen Thurlby, bibi kizee wa Kizungu aliyezaliwa Kericho na aliyezungumza Kiswahili cha watu, na pembeni yake wakili wake, Ambetsa, kijana mtanashati.

"Wakili, suti hiyo inakubana au ni dhamira?" Sigilai alimrushia.

"Shikamoo, mzee," alijibu Ambetsa bila kukunja uso. "Suti ni ya kushona. Dhamira sijaileta, nimeambiwa hapa kuna vumbi."

Watu wakacheka, hata Mama Thurlby. Ilikuwa siku njema. Mawingu yalikuwa juu, harufu ya pombe ya asali ilikuwa inaingia dirishani, na watu walikuwa na ile raha ya mtu aliyesubiri sana mpaka kusubiri kukawa nyumbani kwake.

Jaji Noeline alivaa kifaa chake cha kutafsiri sikioni, akausogelea mzinga, lakini hakuugusa.

"Kabla hatujaanza," alisema, na sauti ya Kiswahili ikatoka kwenye kipaza sauti ikimfuata maneno, "kuna jambo. Kwa watu wangu, sauti ya aliyekufa ni kitu kizito. Haifunguliwi ovyo. Walikuja watu na mashine zao, wakawanasa bibi zetu wakiimba, wakaondoka nao. Mimi nilimsikia nyanya yangu kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha jumba la makumbusho Ulaya, pamoja na wanafunzi waliokuwa wakitafuna peremende. Hakuna aliyeniuliza. Kwa hiyo mimi nauliza. Nani hapa ndiye wa damu ya mtu huyu na mwenye kushika chombo?"

Mikono yote ikamwelekea Tapkigen.

"Dada," alisema jaji, "sitasikiliza kama wewe hutaki. Ukisema hapana, mzinga unafungwa, unakuwa wenu, na kesi nitaiamua kwa yaliyobaki. Hakuna atakayekuuliza sababu. Nipe jibu lako."

Ambetsa alinyanyuka nusu, akaketi. Hata yeye alijua kwamba pingamizi hapo lingenuka.

Tapkigen alihisi mkono wa Sigilai ukimshika kiwiko kama koleo.

"Mheshimiwa Jaji," alisema mzee kwa adabu ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "tunaomba tutoke kidogo, tushauriane kama familia."

*

Walisimama kwenye ukingo wa shamba, chai ikianzia miguuni mwao na kushuka bondeni, kijani kilichonyolewa kama kichwa cha mwanafunzi.

"Mungu amemtuma yule mwanamke," alisema Sigilai. "Sema hapana. Neno moja, mama, halafu twende tukanywe."

"Na nikisema hapana nitakuwa nimesema nini?"

"Utakuwa umesema hapana! Yaliyobaki ni nini? Ni ule upuuzi wao kwamba palikuwa patupu. Kesi hiyo hata kuku anashinda. Jioni mgongo ni wetu. Wale watoto wanaolala kando ya barabara, kila lori likipita nyumba inatikisika, wataamka mbinguni."

"Lakini hapana yangu itakuwa na sababu ya uongo. Yeye ananiheshimu kwa desturi ya kwao. Sisi kwetu mtu akifa tunamwiga sauti kwenye pombe mpaka mbavu zinauma. Wewe mwenyewe ndiye hodari wa kumwiga babu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitakuwa nimejificha ndani ya msiba wake. Niazime kilio chake nikifanye pazia."

Sigilai alitema mate pembeni, si kwa hasira juu ya Tapkigen bali kwa hasira juu ya dunia. "Sikiliza. Ukweli ni kitu cha kugawana watu wanaolingana. Mtu aliyekuibia akija kukuomba ukweli, anataka tu kujua ulipoficha kingine. Miaka mingapi tumesema kweli? Baba yangu aliwaambia kweli, wakaandika kinyume chake. Mama yangu aliondoka hapa amebeba mlango mgongoni. Mlango! Nyumba imeungua, yeye ameokoa mlango. Alikuwa mkweli yule mama, hajawahi kusema uongo. Ukweli wake ulimjengea nini?"

Tapkigen alichuma jani moja. Aliitazama chai. Aliijua hasira ile. Alikulia ndani yake kama mtoto anavyokulia kwenye moshi wa jikoni, na ilimlea vizuri. Bila hasira hiyo wangekuwa wameshasahau kwamba Kaptirich ni jina. Na kila neno la mzee lilikuwa kweli. Ukisema hapana unashinda. Ukisema ndiyo, unaiweka shingo ya watu wako kwenye kinywa cha mtu mmoja aliyekuwa mkarimu kupita kiasi.

"Baba mdogo," alisema mwishowe, "wamesema nini juu yetu muda wote huu? Neno moja tu. Kwamba hapakuwa na mtu. Mtu alikuwepo, anakohoa, anacheka, wao wanaandika hapakuwa na mtu. Leo yuko ndani ya gogo, hatua chache kutoka hapa, nasi tumemsikia. Na wewe unataka mimi, damu yake, nisimame mbele ya watu nimfanye hayupo."

Mzee alifungua mdomo. Akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza Tapkigen kuuona ukifungwa bila chakula.

"Ikituponza?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Basi itakuwa imetuponza sauti ya kwetu."

Sigilai aliipa chai mgongo. "Mkaidi kama mama yako," alisema. Kisha akaanza kurudi bandani mbele yake, akiinua kola ya koti lake kuukuu kama anayeingia vitani.

*

Tapkigen alisema ndiyo, na akawasha taa.

Nyuki walinguruma. Watoto walicheka, wakatulizwa. Kikohozi na cheko vilipotoka, upande mzima wa Waogiek ulivuta pumzi kwa pamoja, na mwanamke mmoja akaita, "Babu!" kana kwamba amemwona njiani. Safari hii sega lilisomwa lote, kwa hiyo zikasikika pia sauti ambazo kona ya jana haikuwa nazo: mbwa, kuni zinazopasuka, na mwanamume anayeongea Kiswahili cha kuvunjikavunjika, kile cha bwana kumwambia mpishi. Pembeni yake mkalimani alikuwa akigeuza maneno.

"Uliza yeye," ilisema sauti ya mzungu. "Mimi nataka kaa hapa. Hapa ya nani?"

Walio nyuma walijisogeza mbele.

"Hapa ni pangu," alijibu Marindany. "Pa baba yangu. Kwani amekuja na mzinga?"

Mkalimani akauliza. Mzungu akacheka. "Ndiyo, ndiyo. Mwambie nina mzinga. Mzinga mkubwa!"

"Basi nimemwona ana njaa. Ning'iniza wako hapa. Mgongo huu nimekufungulia, kutoka mtoni hadi kwenye mianzi. Wewe na watoto wako."

Kikafuata tena kicheko kile cha aliyeshiba, kisha shoka mbali, kisha nyuki. Nta ilikuwa inang'aa, imelainika. Marindany alikuwa ameondoka.

Tapkigen alizima mashine. Alikuwa amefanya alichofanya.

Wakili Ambetsa alisimama taratibu, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa Jaji, sina haja ya maneno mengi. Sheria inauliza kama mwenyewe alitoa kwa kinywa chake. Tumekisikia kinywa. 'Mgongo huu, kutoka mtoni hadi kwenye mianzi, wewe na watoto wako.' Mteja wangu ni mtoto wa mmoja wa watoto hao. Sina furaha kulisema hilo mbele ya familia, lakini zawadi ni zawadi."

"Wakili!" Sigilai alikuwa ameshasimama, na tarumbeta yake imerudi. "Mbona umeruka? Kuna swali kabla ya jibu. Bwana yule aliuliza hapa ni pa nani. Mtu akikuta pori tupu, anamwuliza nani? Anauliza nyani?"

Kicheko kikapita. Ambetsa alitikisa kichwa. "Mzee, nakubali. Palikuwa na mwenyewe. Nasi hatutalirudia dai lile la zamani. Lakini mwenyewe akatoa."

"Alifungua!"

"Tofauti yake iko wapi?"

Sigilai alimwacha wakili amesimama. Aligeuka, akawatazama wachumaji wa chai waliosimama nyuma na vikapu vyao.

"Nani kati yenu ana mzinga kwenye miti ya shamba hili?"

Walitazamana. Meneja wa shamba alikuwa pale, na mizinga ile haikuwa kwenye mkataba wa mtu yeyote. Mwishowe mwanamke mmoja wa Kikisii, mnene, mwenye aproni ya plastiki, akauinua mkono. Jina lake Nyanchama, na alikuwa amechuma chai pale tangu usichana wake.

"Mimi ninao. Kwenye mikaratusi kule juu."

"Asali yako ya kwanza unaipeleka wapi, mama?"

"Si nakuletea wewe, mzee? Kila msimu. Ile ya mwisho ulisema ina majani."

"Ilikuwa na majani! Haya, mwambie jaji. Kwa nini uniletee mimi? Mimi nakaa kando ya barabara kwenye mabati. Miti ina ua wa shamba, ina mlinzi, ina mbwa. Mimi nani?"

Nyanchama alionekana kushangazwa na swali lenyewe. "Nilipokuja hapa niliuliza, nikaambiwa na niliowakuta: kampuni ni ya Thurlby, mgongo ni wa kina Marindany. Ukitaka kuning'iniza, nenda ukafunguliwe. Nikaja kwako ukanifungulia."

"Nilikupa miti?"

"Unipe miti mimi?" Alicheka mpaka kikapu kikatikisika. "Hata kivuli chake hukunipa. Ulinifungulia tu. Nisipoleta si utashusha!"

Mikono mingine ikaanza kuinuka nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, kwa haya kidogo kisha bila haya. Meneja wa shamba alikuwa anaitazama kama mtu aliyegundua mto unaopita chini ya kitanda chake. Miaka yote ile, ndani ya ua wao, chini ya pua ya mlinzi wao, sheria ya Marindany ilikuwa inafanya kazi.

Jaji Noeline alivua kifaa cha sikioni, akakishika mkononi kwa muda, akakivaa tena.

"Mama Thurlby," aliuliza, "familia yako iliwahi kuleta?"

Bibi kizee alisimama kwa fimbo yake. Wakili alimgusa mkono, naye akauondoa kwa upole. "Hapana," alisema. "Babu alisimulia kwamba mzee mmoja wa msituni alimpokea vizuri. Alikuwa anasimulia kama kichekesho, habari ya mzinga mkubwa. Sikujua kinachochekesha kilikuwa nini. Hatukuwahi kuleta chochote."

"Nimesikia," alisema jaji. "Aliyekaribishwa ni shahidi wa mwenye nyumba. Marindany aliulizwa kwa swali la wazi, akajibu wazi kwamba ni pake; kisha alifungua, hakutoa, na hadi leo wanaoishi juu ya mgongo wake wanaishi kwa jibu lake. Mgongo wa Kaptirich, kutoka mtoni hadi kwenye mianzi, ni wa watu wake. Kuhusu mgeni, mimi sina cha kusema. Naona mna sheria yenu, na inatembea vizuri kuliko yangu."

Kelele zilizolipuka ziliwatoa kunguru juu ya paa. Wanawake walipiga vigelegele, mtu akapindua kibuyu, Sigilai akamkumbatia Ambetsa kwa nguvu hadi suti ya kushona ikalia kwenye mshono. "Ulisema vizuri, mwanangu," alimwambia. "Kesho njoo upande wa watu."

*

Walikuwa wameshaanza kunywa uwanjani Mama Thurlby alipomfuata Tapkigen.

"Binti," alisema, "nikileta sasa? Msimu huu, na kila msimu. Najua nimechelewa kwa maisha ya watu. Nimezaliwa hapa. Sina kwingine ninakokujua."

Watu wa karibu walishusha vibuyu. Tapkigen alimtazama usoni. Hakuona adui pale, na jambo hilo halikumfurahisha wala kumsikitisha. Angeweza kusema ndiyo, na pengine jioni ile kila mtu angemsifu kwa moyo wake mkubwa. Lakini moyo mkubwa ulikuwa umeshatolewa mara moja mahali pale, ukafanywa kichekesho cha mezani.

"Msimu ulipita, mama," alisema. "Moyo ulihama zamani. Nyanchama na wenzake watabaki na chai wataichuma, wao waliuliza na wakaleta. Mzinga wako tunaushusha. Hakuna atakayekutukana, hakuna atakayekuchomea mlango. Utafungasha polepole, na vijana watakubebea. Lakini tunaushusha."

Bibi kizee aliinamisha kichwa. Akasema, "Bila ugomvi."

"Bila ugomvi. Na unapewa sega la njiani."

Hapo Tapkigen akageuka, kwa sababu sega la njiani hutolewa na mkono wa mkubwa wa ukoo, na mkubwa wa ukoo alikuwa mmoja tu.

"Mimi?" alisema Sigilai. "Mimi nimpe asali Thurlby?"

"Ndiyo sheria, baba mdogo. Wewe ndiye uliyeishinda nayo kesi."

Uwanja mzima ulimgeukia. Mzee alitazama mbingu, akatazama ardhi, akaguna kwa lugha tatu. Kisha akaenda kwenye mfuko wa ngozi wa asali iliyorinwa asubuhi, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa sega moja zima, jeupe, asali ikitiririka hadi kwenye vidole vyake. Akalibeba mbele ya watu wote, akaliweka kwenye viganja vya yule mama.

"Chukua," alisema. "Na usithubutu kuniambia ni tamu. Najua."